Paneli ya Kati ya Dashibodi: Jinsi ya Kuitengeneza Mwenyewe Nyumbani

Maswali ni yale yale kila mara. Redio mpya imeingia lakini pembeni pamebaki mianya, nifanyeje? Nataka kuweka soketi ya USB na swichi ya taa za ziada, nizichimbie wapi? Plaiwudi inafaa? Nikikata plastiki ya gari haitapasuka? Nimeamua kuyajibu yote hapa kwa pamoja, nikimlenga mtu ambaye hajawahi kufungua hata skrubu moja kwenye dashibodi.

Kwa wengi wetu mambo yanaanzia Japani. Gari lilitengenezwa kwa soko la kule, na redio yake inashika FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, wakati stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108. Mwenye gari anavumilia stesheni mbili tatu, anachoka, ananunua redio ya Android. Hapo ndipo anapogundua kwamba redio iliyokuja na Toyota ya Kijapani ina upana wa milimita 200, wakati redio ya kawaida ya DIN mbili, kipimo chenye asili ya Ujerumani, ina upana wa karibu 178 au 180. Kila upande panabaki mwanya wa kama sentimita moja. Fundi wa redio anasokomeza sponji na kusema imekaa safi, bosi.

Kama shida yako ni huo mwanya tu, usijisumbue na haya mengine. Vipande vya plastiki vya kuuziba vinauzwa kwenye maduka ya redio za magari, na kwa IST, Vitz, Premio na nyingine zilizojaa mitaani kuna fremu kamili za kununua. Mwongozo huu ni wa yule ambaye fremu ya gari lake haipatikani, au anayetaka sehemu moja iliyopangwa vizuri yenye redio, soketi, swichi na geji ya volti.

Jambo moja tukubaliane kabla hujanunua chochote: usikate paneli iliyokuja na gari lako, na usijaribu kuunda paneli nzima upya. Tafuta paneli ya pili ya mtumba ya gari kama lako, kwa wauza vipuri wa Kariakoo na Ilala kama uko Dar, au Kirinyaga Road kama uko Nairobi. Hata yenye mikwaruzo au iliyopasuka katikati inafaa, na kwa kasoro hizo utashusha bei. Unachohitaji kutoka kwake ni kingo zake, klipu zake na matundu ya kupitisha hewa, kwa sababu hivyo ndivyo vitu vigumu kuvitengeneza kwa mkono. Katikati unapatoa, unaweka bapa lako. Paneli asili unaifunga kwenye kitambaa na kuiweka kabatini. Siku ya kuuza gari, mnunuzi ataiulizia.

Vitu vya kuandaa

- Paneli ya mtumba ya gari lile lile, mwaka unaokaribiana. Linganisha mgongo, si uso tu.
- Bapa la plastiki la milimita 3. Aina iitwayo ABS, plastiki ngumu inayotumika sana kwenye paneli za magari, ni bora. Ukikosa, akriliki, ile plastiki ngumu kama kioo, ipo kwa mafundi wa mabango, na mara nyingi watakuuzia mabaki kwa bei ya chini.
- Boksi gumu la viatu au la nafaka, penseli, rula ya chuma, na kalipa ya kupimia.
- Kifaa cha plastiki cha kubandulia. Usitumie bisibisi tupu.
- Drili, msumeno wa chuma wenye meno madogo, tupa bapa na tupa ya mviringo, na ule msumeno wa duara ambao maseremala hutobolea matundu ya vitasa.
- Gundi ya epoksi ya mirija miwili, puti ya magari, na msasa namba 120, 240, 400 na 800.
- Praima ya plastiki (rangi ya kwanza ya kushikilia rangi yenyewe), rangi ya kupuliza isiyong'aa, na tepu ya karatasi.
- Waya wa milimita za mraba 2.5, kishikio cha fyuzi, fyuzi ya ampea 10, na tepu ya kitambaa ya kufungia nyaya.
- Miwani ya kinga, glavu, na barakoa ya kuzuia vumbi na moshi wa rangi.

Plaiwudi nimeiacha makusudi. Inakatika kwa urahisi na ukikaa bara unaweza kuponea, ila kwa unyevu wa Tanga, Mombasa au Unguja itavimba kingo na kupasua rangi. Bapa za alumini za mabango nazo zinapendeza, ila alumini inapitisha umeme: waya mmoja ukichubuka nyuma yake, umepata shoti. Na paneli iliyochapwa kwa mashine ya 3D kwa plastiki ya PLA isahau kabisa. PLA inaanza kulainika kwenye nyuzijoto 60 hivi, na dashibodi ya gari lililoachwa juani saa saba mchana inapita hapo bila shida.

Usalama kwanza, na hapa sitanii

Upande wa abiria na kwenye usukani kuna mifuko ya hewa. Usikate, usifunike, usipake rangi wala usibandike chochote juu ya kifuniko chenye maandishi SRS AIRBAG. Kifuniko hicho kimetengenezwa kipasuke kwa namna maalumu. Ukikiongezea unene, kitakachomrukia abiria usoni ni kazi ya mikono yako. Nyaya zenye viunganishi vya njano ni za mifuko hiyo. Usizichomoe, usizipime, usizitolee umeme.

Chomoa waya hasi wa betri, kisha subiri. Toyota husema angalau sekunde 90. Mimi nasema kanywe chai.

Ila kabla ya kuchomoa betri: kama bado unatumia redio ya Kijapani iliyokuja na gari, fahamu kwamba baadhi yake zikikatiwa umeme hujifunga na kudai diski ya ramani au namba ya siri. Kama huna mpango wa kuitoa, tafuta kwanza habari za redio yako. Vioo vya umeme vyenye kujipandisha vyenyewe navyo huweza kuhitaji kufundishwa upya. Mara nyingi unavipandisha hadi juu na kushikilia swichi sekunde chache.

Hatua kwa hatua

1. Toa paneli asili. Kwenye Toyota ndogo nyingi za miaka ya 2000 paneli ya kati imeshikwa na klipu, pengine na skrubu chache zilizojificha chini ya kifuniko au nyuma ya kisanduku. Anza na skrubu. Kisha ingiza kifaa cha plastiki kwenye mshono, bandua kona moja, sogea kona ya pili. Ikigoma, usiongeze nguvu; kuna skrubu hujaiona. Ikitoka, usiivute ghafla, kwa kuwa swichi ya hazadi (taa za tahadhari) na nyaya zake bado zimeunganishwa nyuma. Piga picha kila kiunganishi kabla ya kukichomoa.

2. Soma mgongo wa paneli ya mtumba. Geuza uangalie maandishi madogo yaliyochapwa kwenye plastiki. Yakiwa >ABS< au >PC+ABS<, gundi na rangi vitashika. Yakiwa >PP<, aina nyingine ya plastiki, karibu hakuna gundi ya kawaida itakayoing'ang'ania, kwa hiyo bapa lako lifunge kwa skrubu ndogo na uitegemee gundi kwa kuziba tu.

3. Tengeneza kigezo cha boksi. Hapa ndipo kazi yote ilipo. Anayeharakisha hatua hii ili afike kwenye msumeno atarudia kila kitu, na plastiki haina huruma kama boksi.

Weka boksi juu ya paneli ya mtumba, fuata kingo kwa penseli, kata. Kisha panga vitu: redio kwanza, vingine baadaye. Kwa redio usitegemee namba za kwenye tangazo. Pima bodi yake yenyewe kwa kalipa, upana na kimo, halafu ongeza nusu milimita kila upande. Soketi ya USB au ya volti 12 ya mviringo kwa kawaida inataka tundu la milimita 28 au 29. Geji ndogo za kawaida ni milimita 52. Swichi za kuchomoza zenye shingo nyembamba huingia kwenye tundu la 12. Hata hivyo pima cha kwako. Viwanda ni vingi na kila kimoja kina tabia yake.

Acha angalau milimita 12 kati ya tundu na tundu, na 15 kutoka tundu hadi ukingo. Chini ya hapo bapa litavunjika ukiwa unapiga tupa.

Sasa rudi garini na kigezo kikiwa na matundu tayari. Kaa kwenye siti ya dereva, funga mkanda, nyoosha mkono. Peleka gia hadi P, kisha hadi L: mkono au kichwa cha gia kinagusa swichi? Chaja ikichomekwa, waya utaning'inia juu ya gia? Swichi ya hazadi unaifikia bila kutafuta? Hiyo ya hazadi haihamishwi na haifichwi, hata kama inaharibu mpangilio wako mzuri. Matundu ya hewa nayo yaache wazi.

Mwisho wa hatua hii ni kina, na wengi husahau. Nyuma ya dashibodi kuna mabomba ya hewa, mabano ya chuma na mafundo ya nyaya. Soketi ya volti 12 ikiwa na waya wake inaweza kutaka zaidi ya sentimita sita nyuma. Ingiza kijiti kwenye kila tundu la kigezo mpaka kigonge kitu, weka alama, pima. Pasipotosha, hamisha tundu. Kwenye boksi, kuhamisha ni kuchora tena tu.

4. Hamishia kwenye bapa. Bandika tepu ya karatasi kote juu ya plastiki, chora juu ya tepu. Tepu inaonyesha mstari vizuri na inazuia mikwaruzo. Usiibandue ngozi ya kinga ya akriliki mpaka umalize kukata.

5. Kata matundu kabla ya umbo la nje. Bapa likiwa bado kubwa ni rahisi kulibana mezani. Weka ubao chini yake. Endesha drili polepole. Ukikimbiza, plastiki inayeyuka na kuganda kwenye meno. Kwa akriliki, toboa hadi nusu kutoka upande mmoja, geuza, malizia upande wa pili, la sivyo itatoa ufa wakati drili inatokea. Kwa tundu la redio, toboa kona nne kwanza, kisha unganisha kwa msumeno ukibaki ndani ya mstari. Milimita ya mwisho ni ya tupa. Kona zisiwe kali kabisa. Ziache na duara dogo, kwa kuwa nyufa huanzia kwenye kona kali.

6. Fungua katikati ya paneli ya mtumba. Ondoa uso wa katikati, ila bakiza mdomo wa kama sentimita moja kuzunguka pande zote. Bapa lako litakaa juu ya mdomo huo. Usiguse klipu wala mbavu za nyuma zinazozishikilia.

7. Unganisha. Kwaruza sehemu zote mbili kwa msasa 120, futa vumbi. ABS kwa ABS inaungana vizuri kwa asetoni iliyoyeyushiwa vipande vya ABS mpaka ikawa kama uji mzito. Plastiki zinayeyukiana na kuwa kitu kimoja. Dawa ya kutoa rangi ya kucha mara nyingi imechanganywa vitu vingine, usiitegemee. Asetoni inashika moto upesi, kwa hiyo fanyia kazi nje, mbali na jiko. Akriliki kwa ABS tumia epoksi, na asetoni usiikaribishe kabisa kwenye akriliki, itaitia nyufa nyufa kama za utando wa buibui.

Kabla gundi haijakauka, irudishe paneli garini ikiwa na nailoni nyuma ya mshono, ibane kwa tepu ya karatasi na iache ikaukie pale pale. Hivyo itashika umbo la dashibodi, wala si la meza yako. Wanaoikaushia mezani ndio hulalamika kwamba kona moja haiingii.

8. Puti na msasa. Paka puti nyembamba kwenye mshono, mara mbili au tatu, kila mara ikauke kabisa. Tonge moja nene litapasuka kwa mtikisiko wa barabara. Sugua kwa 240, kisha 400, ukiuzungushia msasa kijiti kilichonyooka. Kusugua kwa vidole kunachimba mabonde ambayo huyaoni mpaka rangi ikauke.

9. Osha, kisha praima, kisha rangi. Osha kwa maji na sabuni ya vyombo, suuza, acha ikauke. Adui mkubwa hapa ni dawa ya kung'arishia dashibodi: nyingi zina silikoni, na paneli ya mtumba imepakwa miaka. Rangi ikikutana na silikoni inakimbia na kuacha vishimo vidogo vya duara. Praima ya plastiki pitisha mara mbili nyembamba, sugua kidogo kwa 800, futa, kisha rangi mara tatu nyembamba, ukiacha dakika kumi hadi kumi na tano katikati. Usipulize wakati wa mvua au hewa ikiwa nzito. Rangi inageuka ukungu mweupe. Kwa Pwani, saa nne asubuhi siku ya jua kivulini ndiyo saa yangu.

Kuhusu rangi yenyewe: nyeusi au kijivu isiyong'aa. Najua stika ya kaboni inayomeremeta inavutia dukani. Jua la jioni likiipiga, mwanga wote unarudi machoni mwa dereva.

10. Umeme. Vuta laini mpya yenye fyuzi yake. Usidandie waya wa redio, wala waya wowote uliokutana nao njiani. Fyuzi ikae karibu na umeme unakotoka, si karibu na soketi, kwa sababu kazi yake ni kuulinda waya mzima. Chukua umeme unaowaka ufunguo ukiwa kwenye ACC (pale redio inapowaka kabla ya injini), vinginevyo geji na USB zitanyonya betri usiku kucha. Viungo vya waya vibanwe kwa vibanio au vichomewe kwa risasi na kufunikwa. Kusokota kwa vidole na kufunga tepu hakutoshi. Tepu inalainika kwa joto na kubanduka.

11. Funga. Redio ishikwe na mabano yake ya chuma kwenye mwili wa gari. Paneli ni uso tu, isibebe uzito wa redio. Unganisha hazadi na viunganishi vyote vya zamani, hakikisha hakuna waya uliobanwa, sukuma paneli mpaka kila klipu ilie. Rudisha betri mwisho kabisa. Washa, jaribu hazadi, feni, redio, kila swichi. Geji ya volti isome kama 12.4 hadi 12.7 injini ikiwa imezimwa, na kati ya 13.5 na 14.5 ikiwa inanguruma.

Ikileta matatizo

*Paneli inalia kri-kri barabarani.* Bandika tepu ya kitambaa au sponji nyembamba mahali plastiki inapogusana na plastiki. Angalia pia nyaya zinazogonga nyuma. Zifunge kwa tepu ya kitambaa.

*Klipu moja haishiki.* Mara nyingi puti au gundi imemwagika kwenye mbavu zake, au klipu ya chuma imebaki kwenye dashibodi wakati wa kutoa paneli. Ichomoe kwa koleo, irudishe kwenye paneli.

*Redio haiingii ingawa tundu ni sahihi.* Kinachozuia ni fundo la nyaya nyuma yake. Lisukume chini upande wa kisanduku cha abiria, usilisokomeze kwa nguvu ya redio.

*Bapa limevimba baada ya wiki ya jua.* Lilibanwa bila nafasi ya kutanuka. Sugua kingo za tundu la redio mpaka upate nusu milimita kila upande. Kama ni gundi ya moto ya vijiti uliyotumia, hiyo haifai garini. Ikwangue uweke epoksi.

*Rangi inabanduka kama ngozi ya nyoka.* Hukuosha, au plastiki ni PP na hukutumia praima yake. Hakuna njia ya mkato: kwangua yote, anza hatua ya 9.

*Redio inakoroma kwenye FM chaja ikichomekwa.* Chaja za USB za bei rahisi hutoa kelele za umeme. Jaribu kuichomoa, kelele ikikata, umeipata. Sogeza nyaya zake mbali na waya wa antena, au badilisha soketi.

*Fyuzi mpya inakatika.* Usiweke kubwa zaidi. Tafuta waya uliochubuka nyuma ya paneli, hasa pale unapopita juu ya mabano ya chuma.

*Taa ya SRS imewaka na haizimi.* Kuna kiunganishi cha njano kilicholegea, au ufunguo uliwashwa kikiwa kimechomolewa. Usilifungue tena mwenyewe. Mpelekee fundi mwenye mashine ya kusoma hitilafu, na mpaka alitazame, usimpakie mtoto siti ya mbele.